Subira, Subiri, na Treni za Ziada

Nilipoambiwa kwamba treni za metro za hapa Sydney hazina dereva, nilitaka kujua kitu kimoja tu: abiria akichelewa, anamwomba nani amngoje? Nilimwuliza mwalimu wetu siku ya mafunzo, mbele ya wenzangu wote tuliovaa vizibao vya rangi ya chungwa. Akasema hakuna anayeombwa. Milango inafunguka, inajifunga, treni inaondoka, na nyuma yake inakuja nyingine. Nikauliza, basi huyo anayeifunga yuko wapi? Mwalimu akasema twende kwanza tukanywe chai.

Ndivyo nilivyo. Mume wangu husema nilipozaliwa nilianza kwa kumwuliza mkunga anatoka ukoo gani. Mimi humjibu kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba yeye asiyeuliza ndiye aliyewahi kupanda treni ya Liverpool huku anakwenda Penrith, akaja kuamshwa na mfagiaji.

Kwa kawaida kazi yangu ni kutunza wazee, katika nyumba moja ya wazee karibu na kwetu St Marys. Mwaka ule, Krismasi ilipokaribia, likatoka tangazo kwamba stesheni kubwa ya mjini, Central, itafungwa kwa treni za kawaida, mafundi wapate kubadilisha reli na nyaya wakati watu wengi wako likizo. Sisi wa magharibi, tuliozoea kuketi kwenye treni moja mpaka mjini, tungepakiwa kwenye mabasi hadi kituo kimoja cha metro kilichoko kaskazini yetu, halafu tumalizie safari kwa metro, ambayo ina njia yake yenyewe na haikuguswa na ukarabati. Treni za metro zingeongezwa, na walihitajika watu wa kusimama majukwaani kuelekeza abiria. Nilikuwa na likizo. Watu wenye akili zao walikwenda ufukweni. Mimi nikaenda kujiandikisha, kwa sababu nilitaka kuiona treni isiyo na dereva kwa karibu.

Siku za mwanzo nilizikodolea macho treni za ziada nikitafuta alama. Nilidhani zitakuwa zimechakaa kidogo, kama viti vya kuazima kwenye harusi. Hapana, zote zilikuwa sawasawa, safi, zimejaa hewa baridi. Nikamwuliza msimamizi wangu, sasa hapa ya ziada ni ipi? Msimamizi alikuwa mama wa Kifiji, mnene, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Akasema ya ziada si treni fulani. Zikiongezwa, zilizopo zinasogeleana, zinaachiana nafasi ndogo zaidi, basi. Ukiitafuta ya ziada huioni, utaona tu kwamba hungoji sana.

Jibu hilo nililipenda, nikalirudia nyumbani mpaka mume wangu akaniomba nile chakula.

Akaniambia pia kwamba kuna chumba, mbali na vituo vyote, ambamo watu wameketi mbele ya vioo vingi, kama vya televisheni, wakitazama. Kompyuta ndiyo inayoendesha, wao wanaiangalia isije ikafanya ujinga. Wakiona umati umezidi, wanaweza kuitoa treni nyingine ilikolazwa. Tangu siku hiyo kila nilipopita chini ya kamera ya jukwaani niliisalimia kwa mkono. Msimamizi aliponiuliza nafanya nini, nikamwambia kwetu hupiti mbele ya mtu bila salamu, hata kama humwoni.

Na macho hayana pazia. Niliona watu wazima wenye mikoba ya ofisini wakikimbilia behewa la kwanza, kwenye lile dirisha kubwa la mbele ambapo dereva angekaa, wakabandika nyuso zao kwenye kioo. Mzee mmoja mwenye suti alibisha hodi kwenye kioo hicho, taratibu, kisha akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Nilimwona mimi. Nilitamani kumwambia aendelee, huenda siku moja atafunguliwa.

Sasa niseme habari za nyumbani, kwa kuwa zilinifuata mpaka jukwaani.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilikuja Sydney kusoma, nikaolewa na Mrundi aliyekulia katika kambi za wakimbizi Kigoma, na mama yake tunaishi naye. Mama mkwe wangu anakijua Kiswahili vizuri, amekaa nacho kambini miaka mingi, lakini mambo mazito huyasema kwa Kirundi. Kirundi changu mimi ni cha kuokoteza. Nakijua cha jikoni na cha kanisani, na hicho cha kanisani ni cha kuitikia tu.

Miezi ile tulikuwa na mgeni. Mdogo wake mama mkwe, ambaye sisi tunamwita mama mdogo, alikuwa amekuja kutoka Bujumbura kwa viza ya matembezi. Hawakuwa wameonana tangu ujana wao. Nilidhani watakaa wakisimuliana mchana kutwa, nami nikajiandaa kusikiliza. Kumbe walikuwa wakikaa uani, wanachambua mboga, hawasemi lolote la maana. Walibishana kuhusu chumvi. Waliwacheka wanangu wakijibu kwa Kiingereza kila wanaposemeshwa Kiswahili. Viza ikaelekea ukingoni, tiketi ikawekwa ndani ya siku zilezile za mimi kuwa jukwaani, na bado walikuwa wanabishana kuhusu chumvi.

Asubuhi moja kabla ya safari, nikiwa nakaanga mandazi, mama aliniambia lililokuwa moyoni mwake.

Kwao, msafiri hatoki peke yake. Wenyeji wanamsindikiza, na hawarudi mpaka msafiri mwenyewe awaachilie. Anasimama, anawageukia, anasema: subira.

"Wasubiri nini?" nikauliza.

"Siyo kusubiri, mwanangu. Hiyo ni Kiswahili yenu. Subira ya kwetu ni rudi. Rudi nyumbani kwako, umenifikisha."

Nilicheka sana. Nilimwambia lugha zetu ni majirani wasiosalimiana, neno moja huku linamkalisha mtu kitako, kule linamrudisha alikotoka. Yeye hakucheka.

Akasema walipokimbia vita, yeye alikuwa na mume wangu mgongoni, mtoto mchanga. Mdogo wake, msichana tu, alimsindikiza kwa njia za migombani mpaka karibu na mto wa mpakani. Mama yao alikuwa amebaki nyumbani, mgonjwa. Pale karibu na mto, yeye msafiri akageuka, akasema lile neno kama inavyopaswa. Subira. Na mdogo wake, kwa kuwa alikuwa mtoto aliyefunzwa adabu, akarudi.

Aliyoyakuta aliporudi mama mdogo hajawahi kuyasema, na mama hajawahi kuyauliza. Hata mimi sijauliza, nilivyo mimi.

"Sasa msafiri ni yeye," mama alisema. "Neno ni lake. Nataka nimsindikize mpaka mwisho, halafu anigeukie, aniambie subira kwa kinywa chake. Akinirudisha vizuri, nitajua hana kinyongo na mimi."

"Na asipokuambia?"

"Nitakuwa nimejua pia."

Mandazi yaliungua. Nikayatupa, nikaanza upya, na sikuweza kuuliza jambo lingine asubuhi yote.

Siku ya safari mume wangu alikuwa kazini ghalani na gari alikuwa nalo, lakini hata lingekuwepo lisingetosha, maana kwaya nzima ya kanisa ilikuwa imeamua kusindikiza. Mimi nilikuwa zamu. Nilifurahi, kwa sababu njia yao ilipita palepale jukwaani kwangu. Basi la badala lingewashusha nje ya kituo, wapande metro mpaka mjini, na huko kulikuwa na basi la uwanja wa ndege.

Niliwaona wakishuka kwa ngazi za umeme, mstari mrefu wa vitenge vya njano, na katikati yao mama mdogo na koti lake zito, ingawa jua la nje lilikuwa linachoma. Msimamizi wangu akaniuliza kama kundi lote lile linasafiri. Nikamwambia anasafiri mmoja, wengine wanamsindikiza. Neno hilo nililisema kwa Kiswahili kwa sababu la Kiingereza halikunijia. Nikajaribu kueleza, wanampeleka, lakini siyo kumpeleka, wanakwenda naye ili waweze kurudi. Akanitazama. Akasema kwao Fiji kuna watu walikosa meli kwa ajili ya kuagana.

Mama mmoja wa kwaya, Mkongo wa Bukavu, yule ambaye ndiye hushika simu ya kwaya, alikuwa anachekesha wenzake.

"Mimi siende Central nikicheka," alisema. "Kwetu Bukavu Centrale ni prison! Mutu anaenda kule na mapingu."

"Na hii train, shoferi yake iko wapi?" mama mkwe aliniuliza.

"Haina, mama."

"Haina? Sasa nani anaona kama watu wamemaliza kuingia?"

Nilianza kumweleza habari za kile chumba na vioo vyake, lakini treni ikaingia, milango ya kioo ya jukwaani ikafunguka pamoja na ya treni, na mama akafanya alichofanya maisha yake yote kila palipo na chombo cha kupanda. Akatangulia na sanduku la mgeni amshikie kiti. Kwaya ikamfuata kama vifaranga. Kulikuwa na viti tele, hapakuwa na wa kunyang'anyana naye, lakini mazoea yana taabu.

Mama mdogo alibaki nyuma hatua chache, ananiaga mimi. Alinishika mikono yote miwili. Akaniambia nimemlea dada yake vizuri, kwamba nilipika wali usio na chumvi lakini kwa moyo. Nikaanza kulia. Mimi ambaye kazi yangu pale ilikuwa kuwaambia watu wasisimame karibu na milango, nilikuwa nimesimama karibu na milango nikilia. Kengele ikalia nayo. Milango ikajifunga.

Ndani ya kioo nilimwona mama ameketi, mkono wake mmoja umewekwa kwenye kiti kitupu. Akainuka. Akapiga kioo, akatazama upande wa mbele wa treni, akapaza sauti. Sikuisikia, ila niliisoma midomo yake ikisema, "Shoferi! Shoferi!" Kisha treni ikaondoka na wasindikizaji wote, na msafiri akabaki nami jukwaani na pasipoti yake.

Mama mdogo akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni Bujumbura, "Mbona naona ni wao wanasafiri?"

Ningecheka kama si kwamba nilijua alichokuwa anakihofia mama kule ndani. Hata hivyo sikuogopa sana. Treni zilikuwa za kufuatana. Mpango ulikuwa mwepesi: wao washuke kituo kinachofuata, wakae hapohapo, nami nimpakie mama mdogo treni inayokuja, wakutane. Nilimpigia simu mama wa kwaya. Akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie. Nilisikia ngurumo za reli, vilio, mtu mmoja ameshaanza pambio.

"Shukeni hapo mbele!" nikapiga kelele. "Mama, subiri! Unasikia? Subiri hapo!"

"Anasema nini?" hiyo ilikuwa sauti ya mama, mbali.

"Subiri, mama! Subiri!"

Simu ikakatika. Nikampakia mama mdogo treni iliyofuata, nikamkabidhi kwa abiria mmoja mwanamke aliyeahidi kumwonyesha pa kushuka. Nikapumua. Nikaipungia kamera mkono, kuishukuru.

Nilikuwa nawaelekeza watu wa basi lingine pa kusimama niliposikia treni ya upande wa pili, ile inayotoka mjini, imefika na kufungua. Sikugeuka mara moja. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama katikati ya jukwaa peke yake, mikono mitupu, na uso wake umetulia kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Ulikuwa uso wa mtu aliyetoka kuoga.

"Ameniambia subira," alisema. "Nimerudi."

Nikamwuliza, amekuambia wapi?

"Nililisikia kwenye simu," akaendelea. "Kelele zilikuwa nyingi lakini nililisikia. Mara mbili, mara tatu. Subira, subira. Hata hakungoja tufike uwanjani, kaona tumeachana njiani, akaniachilia. Nimewaachia sanduku. Alikuwa mtoto mzuri toka zamani."

Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaketi kwenye benchi, akaniomba maji.

Nilimletea maji. Lile neno lilikuwa langu, la Kiswahili, na nililisema nikimtaka akae palepale. Masikio yaliyolingoja miaka mingi yakalisikia kwa Kirundi, tena kwa sauti ya mtu mwingine. Na wakati ule ule anashusha maji kooni, mdogo wake alikuwa amefika kituo kile, anamtafuta kati ya vitenge vya njano, haoni.

Mama wa kwaya akapiga. "Mama mukubwa ametukimbia, alipanda train ya kurudia. Tunafanya je? Tumungoje ama tuende? Muda wa ndege unakaribia."

Nikamwambia waende.

Sasa ndipo nilipopata taabu yangu. Ningeweza kunyamaza. Mama alikuwa na amani aliyoitafuta, haikumgharimu mtu chochote, na anayeijua siri alikuwa mimi peke yangu. Nilimtazama akinywa maji. Nilijisemea, wewe mwanamke, kila siku unauliza, leo hujaulizwa, nyamaza. Lakini nilifikiri pia habari za mwenzake aliyeko kwenye treni, ambaye labda alikuwa na neno lake, na ambaye angevuka bahari akiamini kwamba dada yake aliamua tu kugeuza njiani. Hilo sikuweza kulimeza.

"Mama," nikasema, "lile neno ni mimi niliyelisema. Nilisema usubiri. Kiswahili."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Akaiweka chupa ya maji sakafuni taratibu.

"Yeye hakusema kitu?"

"Hakusema kitu. Anakutafuta."

"Kwa nini umeniambia?" Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. "Ningekufa nimetulia. Wewe na mdomo wako!"

Nilisimama pale na kizibao changu, machozi yananitoka, watu wananipita wakiniuliza njia ya kwenda mjini, nami nawaonyesha kwa kidole bila kuwatazama. Treni moja ikaja ikaondoka. Halafu akainuka, akaikaza nguo yake kiunoni.

"Inayofuata iko wapi?"

Msimamizi wangu alikuwa amesimama karibu muda wote. Hakujua neno hata moja la yale tuliyosema, lakini alikuwa ameona mwanamke mzee ametoka upande mmoja na sasa anataka kurudi upande mwingine, na amemwona mfanyakazi wake analia mara ya pili zamu moja. Akaniambia nichukue mapumziko yangu sasa hivi, yote, na kama yatakuwa marefu yeye haoni saa vizuri.

Tulikaa behewa la kwanza, kwenye lile dirisha la mbele, kwa sababu mama hakutaka kukaa mahali ambapo haoni tunakokwenda. Tulipoingia chini ya ardhi, taa za ukutani zikawa zinatujia mbili mbili. Mama alishika bomba kwa mikono yote.

"Hii inamjua aliye mbele yake?"

Nikamwambia inamjua vizuri, inajua yuko umbali gani na anakwenda kasi gani, saa zote.

"Basi ikimbie imfikie."

"Haiwezi, mama. Imepangwa isimfikie. Zikiongezwa zinasogeleana, lakini lazima ziachane kidogo."

"Hata kama aliye mbele ni ndugu yake?"

"Hata kama."

"Basi ni ya kijinga," mama akasema, na mtalii mmoja aliyekuwa akipiga picha za njia akatabasamu bila kujua kilichosemwa. Nilitaka kuitetea treni yangu. Kisha nikaona mama ana hoja.

Njia nzima nilimtazama kwa pembe ya jicho. Niliogopa. Nilikuwa nampeleka kwa mtu ambaye huenda angemnyima alichodhani ameshakipata, na mwenye kuubeba mzigo huo ningekuwa mimi, jikoni, kila asubuhi. Aliniuliza mara moja tu, kama mama mdogo alipobaki na mimi jukwaani alionekana amekasirika. Nikamwambia alizungumzia chumvi. Akatikisa kichwa kwamba hilo anaweza kuliamini.

Mjini tukashuka, tukapanda basi la uwanja wa ndege.

Tuliwakuta. Kwaya ilikuwa imefanya duara kabisa mbele ya mlango wa ukaguzi, mahali wanapoishia wasiosafiri, wanaomba kwa sauti, na abiria wa mataifa yote wanalizunguka duara na masanduku yao bila kuthubutu kulikata. Sanduku la mama mdogo lilikuwa limeshachukuliwa na watu wa ndege. Alikuwa na mkoba wake tu na lile koti. Alipomwona dada yake aliacha kuomba.

Mama akaenda akasimama mbele yake. Kwaya ikanyamaza, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikasikia magurudumu ya masanduku sakafuni.

"Nimefika," mama akasema kwa Kirundi, na hicho nilikielewa. "Niambie."

Mama mdogo akautundika mkoba begani. Alijua alichoombwa, hakuhitaji kuelezwa. Akamrekebishia kilemba, kilichokuwa kimelegea kwa mbio zetu. Akamfunga kifungo cha sweta. Nilikuwa karibu nao kiasi cha kuweza kuwagusa, nikaona midomo yake inaanza, inakataa.

Kisha akasema kwa Kiswahili, ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia kwa dada yake hata mara moja.

"Lile la kwetu sikupi. Ulinipa mimi, najua lilinipeleka wapi. Siwezi kumpa mtu, na wewe hapana." Akamshika mashavu. "Nakupa la huyu mukwe wako. Subiri. Umesikia? Yenye i mwishoni. Subiri."

Akageuka akaingia. Hakutazama nyuma, koti lake likapotea kati ya watu waliokuwa wanavua mikanda na viatu. Mama alibaki amesimama, ameelekea kule alikoingia. Nilijiandaa kumshika asianguke. Hakuanguka. Alikuwa analia, lakini alikuwa amesimama wima kama mtu aliyepewa kazi.

Wanakwaya wakamkumbatia, wakaanza kuondoka wawili wawili kwenda kutafuta basi. Niliwaambia tutawafuata. Nikamgusa mama bega, nikamwambia twende.

"Hakuniambia niende," alisema.

Tukakaa pale. Watu walipita. Baada ya muda kijana wa ulinzi akaja, mwenye adabu, akaniuliza kama bibi amepotea au anaumwa. Nikamwambia hapana, anasubiri. Akauliza anamsubiri nani, nami nikamwonyesha mlango wa wanaoondoka. Akasema kwa upole kwamba walioingia mlango ule hawatokei tena hapo. Nikamwambia anajua. Alifikiri kidogo, akaenda kumletea kiti.